Dawa Zilizouzwa kwa Maneno: Lugha ya Matangazo ya Tiba katika Uingereza ya Malkia Victoria

Sisi tunaosoma lugha huulizwa mara kwa mara na wenzetu wa kitivo cha tiba: fani yenu inaponya nini? Swali hilo huulizwa kwa mzaha, lakini historia ina jibu lake. Uingereza, wakati wa utawala wa Malkia Victoria, kuanzia 1837 hadi 1901, sehemu kubwa ya biashara ya dawa ilisimama juu ya lugha. Vilivyokuwa ndani ya chupa na boksi vilikuwa vya bei ndogo sana. Vilivyoandikwa juu yake ndivyo vilivyoleta fedha. Na ilipofika siku ya kuidhibiti biashara hiyo, silaha zilizotumika zilikuwa pia za lugha: neno moja kwenye lebo, tafsiri ya sentensi moja mahakamani, na orodha ya majina ya vitu vilivyomo. Katika makala hii nitaeleza jinsi mambo hayo yalivyokwenda, na kwa nini nadhani yanatuhusu.

Neno lililogeuka maana

Tuanze na jina lenyewe. Waingereza waliziita dawa hizo kwa neno ambalo kwa Kiswahili sanifu tunalitafsiri kuwa dawa za hataza, yaani patent. Asili yake ni Kilatini, kitenzi patere, kuwa wazi. Barua za kifalme zilizoitwa litterae patentes zilikuwa barua zilizoachwa wazi ili kila mtu azisome, tofauti na barua zilizofungwa kwa lakiri. Kwa barua ya namna hiyo mfalme alimpa mtu haki ya peke yake ya kutengeneza au kuuza kitu fulani. Kwetu Congo neno hilohilo tunalo kwa njia ya Kifaransa: mfanyabiashara mdogo hulipa patente ili aruhusiwe kuuza.

Baadaye, ili kupata hataza, mvumbuzi alipaswa kueleza kwa maandishi kitu chake kimetengenezwa vipi. Hapo ndipo wauzaji wa dawa walipokwepa. Wengi wao hawakuomba hataza kamwe, kwa sababu kuomba kungewalazimu kufichua siri. Walilinda jina, umbo la chupa na picha ya lebo, wakaficha yaliyomo. Kwa hiyo neno lililotoka katika maana ya "wazi" likawa jina la dawa za siri. Mwanafunzi wa semantiki atafute mfano bora kuliko huo wa maana kugeuka kinyume.

Kulikuwa na alama ya pili iliyosomwa vibaya. Tangu 1783 serikali ya Uingereza ilitoza kodi kwa dawa za namna hiyo, na kila boksi lilibandikwa stempu ya kodi. Dawa ya shilingi 1 ilitozwa peni moja na nusu, ndiyo maana bei iliyoenea kote nchini ilikuwa shilingi 1 na peni 1½. Stempu ilikuwa risiti tu. Lakini mnunuzi alipoona karatasi ya serikali imezunguka kifuniko, aliielewa kama kibali: serikali imeipima, serikali imeikubali. Wauzaji hawakuwa na sababu ya kumsahihisha.

Kwa nini watu walinunua

Itakuwa rahisi kuwacheka wanunuzi hao, na haitakuwa haki. Daktari alikuwa ghali kwa mfanyakazi wa kiwanda, na hata aliyeweza kumlipa hakupata mengi. Katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Victoria, madaktari wengi bado waliwatoa wagonjwa damu na kuwanywesha zebaki. Kipindupindu kilipita mwaka 1832, kikarudi 1848, 1853 na 1866, na hakuna aliyekuwa na tiba yake. Mtu aliyenunua boksi la vidonge kwa shilingi moja na kitu alikuwa anafanya hesabu yenye maana katika hali yake.

Jambo la pili ni magazeti. Kodi ya matangazo ilifutwa mwaka 1853, kodi ya stempu ya magazeti mwaka 1855, na kodi ya karatasi mwaka 1861. Gazeti likawa la bei nafuu, wasomaji wakaongezeka, na kurasa zake zikahitaji matangazo ili ziishi. Wauza dawa walikuwa miongoni mwa walipaji wakubwa. Mhariri ambaye mapato yake yanatoka kwa muuza vidonge hana haraka ya kuchunguza vidonge hivyo.

Shubiri, tangawizi na sabuni

Watu wawili wanatosha kutuonyesha biashara hiyo. Thomas Holloway alianza kuuza marhamu na vidonge vyake London mwaka 1837, mwaka uleule Victoria alipoanza kutawala. Mwaka 1842 alikuwa tayari akitumia pauni 5,000 kwa matangazo. Kabla ya kufa mwaka 1883 alikuwa akitumia kiasi cha pauni 50,000 kwa mwaka. Utajiri wake ulijenga chuo kikubwa cha wanawake karibu na London, ambacho Malkia mwenyewe alikifungua mwaka 1886. Chuo hicho kipo hadi leo, sehemu ya Chuo Kikuu cha London.

Thomas Beecham, aliyekuwa mchungaji wa kondoo utotoni, aliuza vidonge vyake sokoni kabla ya kujenga kiwanda huko St Helens. Tangazo lake lililojulikana kuliko yote, lililotumika tangu 1859, lilisema kwamba kila boksi lilikuwa na thamani ya gini moja. Gini ilikuwa shilingi 21, na boksi liliuzwa kwa shilingi moja na peni kidogo.

Chama cha Madaktari cha Uingereza kilipochunguza dawa za siri katika maabara na kuchapisha matokeo mwaka 1909, vidonge vya Beecham vilikutwa na vitu vitatu: shubiri, tangawizi na sabuni. Malighafi ya vidonge 56 iligharimu takriban sehemu ya nane ya peni moja. Kwa bei ya dukani, hiyo ni zaidi ya mara 100. Vidonge vya Holloway vilikuwa ndugu zake wa karibu. Kila Mswahili anajua shubiri ni chungu; wataalamu wanajua pia kwamba inaharisha. Kwa hiyo vidonge hivyo vilikuwa na kazi moja ya kweli: vilimsaidia mtu aliyefunga choo. Matangazo, hata hivyo, yalitaja maumivu ya kichwa, kizunguzungu, ini, usingizi mbaya, woga, na mengine mengi.

Nikiyasoma matangazo ya aina hiyo kama mwanafunzi wa lugha, naona mbinu nne zinazorudi. Ya kwanza ni orodha. Magonjwa yanapangwa moja baada ya jingine, kwa mkato tu, hadi kila msomaji akutane na lake. Orodha haihitaji hoja. Haisemi dawa inaponya vipi, inamwacha mgonjwa ajitafute mwenyewe.

Ya pili ni ushuhuda. Barua ya mtu wa kawaida, yenye jina la mji na pengine cheo, inasimulia mateso, inataja waganga walioshindwa, kisha inafika kwenye boksi la kwanza na la pili, na mwisho uponyaji. Muundo wake ni wa hadithi, na hadithi haikanushwi kama hoja inavyokanushwa. Waliokufa hawakuandika barua.

Ya tatu ni msamiati wa kitaalamu wa kuazima. Majina ya dawa yalitengenezwa kwa mizizi ya Kigiriki na Kilatini ili yasikike kama ya chuo kikuu. James Morison, aliyeuza vidonge vya mimea kabla kidogo ya Victoria, alijiita kwa cheo kilichotokana na Hygieia, mungu wa afya wa Wagiriki, na duka lake kuu akaliita Chuo cha Uingereza cha Afya.

Ya nne ndiyo ya hila kuliko zote: kauli isiyopimika. Angalia tena maneno ya Beecham. Kusema boksi lina thamani ya gini si kusema linaponya. Hakuna mgonjwa anayeweza kurudi dukani na kuthibitisha kwamba thamani ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Sentensi ina umbo la habari, ina hata namba ndani yake, lakini haina kitu cha kukanushwa.

Siropu za kutuliza watoto

Hadi hapa mtu aweza kusema kwamba kilichopotea ni shilingi tu. Kwa siropu za watoto hasara ilikuwa nyingine. Katika miji ya viwanda akina mama walirudi kazini mapema baada ya kujifungua, na watoto wachanga waliachwa kwa majirani au mabibi waliotunza kadhaa kwa pamoja. Mtoto anayelia alipewa siropu. Iliyojulikana zaidi Uingereza iliitwa Godfrey's Cordial. Marekani ilitoka, tangu 1849, Mrs. Winslow's Soothing Syrup, ambayo nayo ilivuka bahari na kuuzwa Uingereza.

Sikiliza majina hayo. Cordial linatokana na neno la Kilatini la moyo: kinywaji cha kuutia moyo nguvu. La pili linatuonyesha mama, Bi Winslow, na kitendo chake cha kutuliza. Moyo, mama, utulivu. Kilichokuwa ndani ni afyuni katika ya kwanza, na mofini, ambayo ni zao la afyuni, katika ya pili. Aidha, Godfrey's haikuwa na kipimo kimoja: kila mwenye duka aliichanganya kwa namna yake, na jina moja likafunika nguvu tofauti. Mama aliyezoea matone ya duka moja aliweza kumuua mtoto kwa matone yaleyale ya duka jingine. Wengine hawakufa kwa sumu ya ghafla. Walilala tu, aliyelala hakulia kwa njaa, asiyelia hakunyonyeshwa, akakonda mpaka akafa, na kifo chake kikaandikwa kwa jina la udhaifu. Friedrich Engels, katika kitabu chake cha 1845 kuhusu wafanyakazi wa Uingereza, aliitaja Godfrey's miongoni mwa dawa zilizowadhuru sana.

Bunge lilitunga Sheria ya Famasia mwaka 1868. Kuanzia hapo afyuni ilipaswa kuuzwa na mfamasia aliyesajiliwa tu, chombo chake kikiandikwa neno "sumu". Lakini sheria hiyo iliziacha nje dawa za hataza. Afyuni iliyoitwa afyuni ilibandikwa neno sumu. Afyuni iliyoitwa kitulizo haikubandikwa. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1892 mahakama iliamua kwamba klorodaini, dawa ya kikohozi na ya kuhara iliyokuwa na mofini na klorofomu, haikuwa na haki ya kujificha nyuma ya stempu ya kodi, na wenye kuiuza wakalazimika kuandika neno hilo moja.

Ahadi au majigambo?

Mwaka huohuo wa 1892 mahakama za London zilikuwa na kesi nyingine, ambayo wanafunzi wa sheria za Kiingereza huijua kwa moyo, na ambayo ingefaa kufundishwa katika somo letu la pragmatiki.

Kulikuwa na kifaa kilichoitwa Carbolic Smoke Ball: mpira wa raba uliojaa unga wa asidi ya kaboli, ambao mgonjwa aliuvutia puani. Homa ya mafua ilikuwa imeenea. Mnamo Novemba 1891 kampuni ilitangaza gazetini kwamba itamlipa pauni 100 mtu yeyote atakayeutumia mpira huo mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, kwa kufuata maelekezo, kisha akapatwa na homa hiyo. Ikaongeza kwamba pauni 1,000 zimewekwa benki ili kuonyesha kwamba haitanii. Bibi Louisa Carlill aliununua mpira, akautumia mara tatu kila siku kwa karibu miezi miwili, na tarehe 17 Januari 1892 akashikwa na homa. Akadai pauni zake.

Utetezi wa kampuni ulikuwa wa kiisimu. Walisema tangazo lile lilikuwa majigambo ya biashara, ambayo hakuna mtu mwenye akili anayeyachukua kama ahadi; tena, ahadi haiwezi kutolewa kwa dunia nzima bila kumtaja mtu. Mahakama ya Rufaa ilikataa yote mawili Desemba 1892. Majaji walisoma maneno yenyewe. Aliyesema fedha ziko benki kuonyesha nia yake, amekwisha kutuambia kwamba hajigambi. Na neno "yeyote" halimaanishi hakuna mtu. Linamaanisha yule atakayetimiza masharti. Bibi Carlill akalipwa.

Miaka sabini baadaye, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, mwanafalsafa J. L. Austin alieleza kwamba kuna sentensi ambazo kuzitamka ni kutenda: kuahidi, kuapa, kubatiza. Majaji wa kesi ya Carlill walikuwa wamelifikia jambo hilo kwa njia yao, kwa kuuliza tangazo lilitenda nini. Wauzaji nao walijifunza haraka. Mapema 1893 mpira huo ulitangazwa tena, safari hii kwa zawadi ya pauni 200, lakini ukiwa umezungushiwa masharti mengi yaliyomfanya mtu yeyote ashindwe kudai. Maandishi madogo ya masharti, ambayo leo tunayaona chini ya kila tangazo la simu, ni mtoto wa hukumu kama ile.

Kutaja kilichomo

Marekani ilichukua njia ya lebo. Mwaka 1905 mwandishi Samuel Hopkins Adams alianza kuchapisha katika gazeti la Collier's mfululizo wa makala za kufichua dawa za siri, na mwaka 1906 ikapitishwa sheria ya chakula na dawa. Haikupiga marufuku afyuni wala pombe katika dawa. Iliamuru zitajwe kwenye lebo, pamoja na mofini, kokaini, klorofomu na bangi. Mama aliyesoma "mofini" kwenye siropu ya mwanawe aliweza sasa kuamua mwenyewe.

Lakini sheria ilikuwa na tundu, na tundu lenyewe lilikuwa la tafsiri. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya dawa iliyodai kuponya kansa, kwamba uongo uliokatazwa ni uongo kuhusu vitu vilivyomo, wala si uongo kuhusu uponyaji. Bunge likarekebisha sheria mwaka 1912, likakataza pia madai ya uongo ya kuponya, ila kwa sharti la kuthibitisha nia ya kulaghai. Nia, kama tunavyojua, ni ngumu kuthibitisha kwa maandishi.

Uingereza yenyewe ilichelewa. Kamati ya Bunge ilikusanya ushahidi kuanzia 1912, na taarifa yake nzito ikatolewa tarehe 4 Agosti 1914, siku Uingereza ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia. Hakuna aliyeisoma siku hiyo.

Neno lililopita Ituri

Historia hii iligusa pia ardhi yetu. Burroughs na Wellcome, Wamarekani wawili waliofungua kampuni ya dawa London mwaka 1880, walitengeneza vidonge vya kushindiliwa kwa mashine. Mwaka 1884 walisajili kwa ajili yake jina la kubuni: Tabloid. Henry Morton Stanley alipoanza mwaka 1887 safari ya kumtafuta Emin Pasha, akipanda Mto Congo na kupenya msitu wa Ituri pamoja na mamia ya wapagazi kutoka Zanzibar, alibeba masanduku 9 ya dawa aliyopewa na kampuni hiyo bila malipo. Akayasifu katika kitabu chake cha 1890, na kampuni ikazitumia sifa hizo kujitangaza. Wapagazi wengi, wasemaji wa Kiswahili, walikufa njiani kwa njaa na maradhi. Wao hawakuombwa ushuhuda.

Jina Tabloid nalo likatoroka. Watu waliligeuza kuwa neno la kila kitu kilichofupishwa na kushindiliwa, hata habari, na ndiyo maana gazeti dogo la habari fupi na za kelele linaitwa tabloidi. Kampuni ilishinda kesi ya kulinda jina lake mwaka 1903, lakini hakuna hukumu inayoweza kulirudisha neno ambalo wasemaji wamekwisha kulichukua.

Kwetu sisi

Sisemi haya ili kubeza mitishamba wala waganga wetu. Kwinini ilitoka katika gome la mti. Wala sisemi kwamba kila anayepaza sauti ya dawa barabarani ni mwongo. Ila mara nyingine nikimsikia mtu mwenye kipaza sauti akipanga tumbo, mgongo, sukari, presha na nguvu za kiume katika pumzi moja, naitambua ile orodha. Nikisikia "hata maprofesa wanaitumia", naujua ule ushuhuda. Maswali ya kumuuliza ni yaleyale yaliyowachukua Waingereza na Wamarekani karne nzima kuyapata: ndani kuna nini? kiasi gani? nani ameahidi, na ameahidi nini hasa?

Kuna na upande wa pili, ambao ni kazi yetu zaidi. Dawa halali zinazofika katika miji yetu huja na karatasi iliyoandikwa Kifaransa au Kiingereza. Mama anayeipeleka nyumbani mara nyingi anasoma Kiswahili, au anasomewa na mtoto wake. Kwake yeye, maneno ya onyo yaliyopiganiwa miaka mingi hivyo bado hayajaandikwa. Na kutafsiri hakutoshi kama hatukuchagua maneno vizuri. Lebo za Tanzania husema "kutwa mara tatu"; je, mzazi wa Lubumbashi au Bukavu, anayesema "mara tatu kwa siku", ataelewa kutwa ni nini, na kwamba usiku haumo? "Kijiko" ni cha chai au cha supu? Neno gani litamwambia waziwazi kwamba siropu hii asipewe mtoto wa chini ya miaka miwili?

Wenzetu wanaotafuta mada ya kazi ya kumaliza masomo wasiende mbali. Wachukue karatasi ishirini za dawa zinazouzwa karibu na chuo, wazitafsiri, kisha wawasomee wazazi ishirini na kuwaomba waeleze kwa maneno yao watafanya nini. Majibu yao yatatuonyesha ni maneno yapi yanafaa kuandikwa kwenye boksi.